Paneli ya Josefina Iliyolala Kifudifudi

Jua la Usevya, mkoani Katavi, limeshapanda, na Vestina Leonidas (34) bado anaitafuta paneli ya sola aliyoitwa kuitengeneza. Juu ya bati haipo. Anaufuata waya unaotoka dirishani, unaopita katikati ya maturubai ya mpunga uani, na mwisho wake anaikuta: imelala kifudifudi, kioo kimetazama ardhi.

"Bibi, nani kaigeuza hii?"

"Ni mimi," anajibu Josefina, mkulima wa mpunga ambaye taa zake hazijawaka wiki mbili. "Mpunga usipougeuza unaoza upande mmoja. Nikasema na hiki kioo nacho kipate jua mgongoni."

Vestina anacheka mpaka anakaa chini, kisha kicheko kinakatika ghafla. Fundi huyu wa sola kutoka Kashaulili, katikati ya Mpanda, hatulii siku hizi. Simu ikilia anaruka, na begi lake la nguo limefungwa tangu Jumatatu.

Anayemkosesha usingizi ni binamu yake, Arcade, msimamizi wa mafundi katika kampuni moja ya sola mjini Kigali. Amemtafutia kazi ya mshahara, na jibu analitaka leo kabla ya saa sita mchana. Huku Katavi, kazi moja ya matengenezo humpa Vestina shilingi elfu kumi na tano, na akija Usevya mafuta ya pikipiki huzila karibu zote.

Kila wakipigiana simu, binamu hao hubishana kuhusu nchi wanazoishi kama mashabiki wa mpira.

"Arcade anasema Rwanda serikali inamchangia maskini anunue sola," Vestina anasimulia huku akipangusa pumba kwenye kioo. "Kenya nako wanalipa kidogo kidogo kwa simu, siku nyingi tu. Mimi namwambia na kwetu paneli zina msamaha wa VAT. Ananicheka: 'Sasa mbona betri ikifika Mpanda bei imepaa?' Hapo namkubalia, maana ni kweli."

Burundi, walikotoka wazazi wa Vestina kabla yeye hajazaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, binamu hao hawaigusi katika ubishi wao. "Shangazi yetu kule bado anawasha kibatari. Inauma."

Anapanda ngazi, anaifunga paneli juu ya bati, anashuka.

"Aliyekuuzia hakukuelekeza?"

"Alikishusha kwenye gari, akanipiga picha nacho, akaondoka."

Uso wa Vestina unabadilika. Amekasirika, na hafichi. "Basi bibi umeshahesabiwa. Kwenye karatasi una umeme! Nchi zinashindana nani kagawa sola nyingi, ila hakuna anayerudi kuhesabu zilizolala."

Josefina anamtazama. "Nasikia unaenda Rwanda. Mkataa kwao mtumwa, mwanangu."

"Kwetu ndiyo wapi, bibi? Baba Burundi, mimi Katumba, kazi Kigali."

"Kwenu Katumba. Na ukienda, hiki nikikikosea tena nitamwita nani?"

Simu inaita. Ni Arcade. Vestina anazunguka ua mara mbili kabla ya kupokea.

"Siji," anasema. Sauti ya upande wa pili inapanda. "Nisikilize kwanza. Uliniambia huko mteja anafundishwa kabla fundi hajaondoka. Nitumie hiyo karatasi mnayofundishia. Jumamosi nakusanya akina mama wanaoanika mpunga hapa Usevya, wakielewa nahamia kijiji cha Kakese. Msimu mmoja tu, Arcade. Nikishindwa, nakuja mwenyewe."

Anakata simu. "Naogopa," anakiri. "Labda nimeitupa bahati yangu."

Ndani ya nyumba taa inawaka, mchana kweupe. Josefina anapiga kigelegele. Vestina anakusanya spana zake, anavaa helmeti, anawasha pikipiki.

"Mwanangu," bibi anamwita akionyesha paa, "na kesho nikigeuze saa ngapi?"

Vestina anazima pikipiki. Anavua helmeti, anaiweka juu ya turubai.

"Kaa hapa, bibi," anasema. "Tuanze upya."