Mama Alipoonekana Mtandaoni

Intaneti kafe ya kwanza niliyoingia Bariadi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo. Harufu ya dawa ya pamba ilipenya ukutani ikakaa nasi humo ndani, mbele ya kompyuta chache zilizofunikwa vitambaa kama redio za zamani. Mwenye kafe alikuwa kijana aliyetoka Mwanza. Miaka ile kila mtu alikuwa anafungua kitu. Ushirika ulishadhoofika, pamba ilinunuliwa na matajiri binafsi walioleta mizani zao hadi Dutwa, na mjini kulikuwa na maduka ya dawa, vibanda vya kupigia simu na mabasi ya watu tusiowajua. Kompyuta nazo zikaja kwa mkumbo huohuo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, bado kijana, naishi chumba cha kupanga. Mama alikuwa nyumbani, kijiji cha jirani na Dutwa, analima pamba na mahindi. Baba alikuwa amefariki nikiwa chuoni.

Nilikwenda kafe siku hiyo na walimu wenzangu wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, kwa sababu nilikuwa nimejisifu. Msichana wa Kizungu alikuwa amekaa kijijini kwetu kwa muda, parokia ilimleta afundishe Kiingereza shuleni. Alilala kwenye nyumba ya parokia lakini mchana alishinda kwetu, akimfuata mama shambani na jikoni, na mama alimwita mwanangu. Alipopita mjini akirudi kwao aliniambia ana tovuti, na kwamba ameweka humo picha ya mama. Mimi sikuwapo siku aliyoipiga. Niliwaambia wenzangu, "Twendeni mkamwone mama yangu kwenye mtandao." Nilisema hivyo ofisini, walimu wote wakisikia.

Mtandao wa wakati ule ulikwenda taratibu. Picha haikutokea yote kwa pamoja, ilishuka kama pazia linalovutwa kwa shida. Kwanza ikaja mbingu. Kisha ukingo wa paa la nyasi, nikalitambua, lilikuwa la ghala la mahindi. Kikaja kitambaa cha kichwa, kimelegea. Ukaja uso wa mama, anacheka, nami nikasema kwa furaha, "Huyo!" Wenzangu wakasogea.

Halafu likaja bega, na bega lilikuwa wazi. Mama alikuwa anakandika ghala. Alivaa gauni lake la kazi ya udongo, lililochanika kutoka shingoni hadi karibu na titi, na khanga aliyojifunga juu yake ilikuwa imeteleza. Mikono ilikuwa na tope hadi kwenye viwiko. Nyumba yetu, ambayo baba aliijenga kwa tofali na bati mwaka pamba ilipopata bei nzuri, haikuonekana hata pembe yake. Kilionekana kighala kile na mama, na kuku mmoja.

Chini ya picha kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Mwalimu mwenzangu wa kike alianza kuyasoma kwa sauti, akitafsiri kama tunavyofanya darasani.

"Hana chochote," alisoma, "lakini kila asubuhi anatabasamu."

Yule wa kiume aligeuka akaangalia vitambaa vya kompyuta. Kisha yule wa kike akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, kumbe kwenu ni hivi?"

Ningeweza kumwambia kwamba mama ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango, kwamba ana nguo za vitenge kabati zima. Nilichoweza kusema ni, "Alikuwa kazini," na hata hilo lilitoka kama uongo. Kijana wa kafe, aliyekuwa amesimama nyuma yetu muda wote, alinyoosha mkono akafunga ukurasa bila kuombwa. Nilimshukuru moyoni, na papo hapo nikaona aibu kwamba hata yeye ameona kuna kitu cha kufichwa.

Sikumwambia mama. Lakini ofisi ya walimu ina mdomo, na kati ya Bariadi na Dutwa mabasi yalikuwa mengi. Habari ilifika kijijini ikiwa imenenepa: mama wa mwalimu yuko kwenye kompyuta, uchi.

Alikuja mwenyewe, siku ya gulio. Nilimkuta amekaa kwenye kiti nje ya chumba changu, amevaa kitenge cha jumuiya, kiremba kimefungwa kama siku ya Pasaka, mkoba mapajani.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Nipeleke nikajione."

"Mama, ni picha tu. Haina maana."

"Kama haina maana, mbona hukuniambia?"

Nikampeleka. Kijana wa kafe alimwamkia shikamoo, akamletea kiti chenye mto. Picha ikashuka tena, mbingu, nyasi, kitambaa, na mama akaingoja bila kupepesa macho, mikono imeshika mkoba. Ilipomalizika alisogeza uso karibu na kioo.

"Nilimwambia asubiri," alisema kwa Kisukuma. "Nilimwambia, subiri mwanangu nikaoge nivae. Akacheka. Nikadhani amenielewa, nami nikacheka." Akatazama tena. "Kumbe ndicho nilichokuwa nachekea."

Kisha akauliza, "Hii inaonwa na nani?"

"Mtu yeyote, mama. Dunia nzima."

"Hata Maswa?"

Maswa kuna dada zake, na kuna wifi yake ambaye hawakuelewana tangu baba azikwe.

"Hata Maswa."

Akavuta pumzi. "Na hayo maandishi yanasemaje?"

Nilitafuta maneno mengine, yaliyo laini, sikuyapata. Nikamwambia yalivyo. Aliposikia kwamba hana chochote, alishusha macho. Akanyoosha kitenge chake gotini, akakinyoosha tena.

Akaniambia niandike kwa yule msichana. Nilitaka kuandika mistari mitatu nimalize. Mama akakataa. Alisema nimsalimu kwanza, niulize habari za wazazi wake, nimwambie yule mbuzi aliyempenda amezaa, nimwambie mvua zimechelewa. Nilitafsiri kwa Kiingereza, vidole vyangu vikitafuta herufi moja moja, watu wakisubiri nyuma yetu. Mwisho kabisa akasema, "Sasa mwambie kwamba mama yake anaomba aitoe ile picha. Mwambie nina nyumba. Mwambie niliolewa kwa ng'ombe, sikuokotwa." Hilo la mwisho sikuliandika. Sikujua mtu angelielewaje huko.

Tulipotoka alipita studio ya picha karibu na stendi, akapigwa picha akiwa amesimama mbele ya pazia lenye maua, mkoba mkononi, uso umekazwa kama wa picha ya kitambulisho. Ilipokuwa tayari, kijana wa kafe aliiingiza kwenye kompyuta, tukamtumia yule msichana nayo.

Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa. Lilikuwa refu, na yule msichana aliomba radhi kwa namna iliyonifanya nimwonee huruma. Aliandika kwamba hakukusudia ubaya, kwamba aliona uzuri. Halafu akaeleza jambo ambalo hatukulijua. Picha ile ndiyo iliyowagusa watu wa kwao, kanisani kwake, wakachanga, na mchango huo ndio ulionunua madawati ya shule ya kijijini. Ataitoa kama mama anataka. Ila aliuliza kama haiwezekani ikabaki kidogo, kwa sababu walikuwa wanafikiria paa la madarasa.

Madawati yale mama aliyapigia vigelegele. Aliongoza wimbo siku yanapokelewa, mbele ya diwani.

Nilikwenda nyumbani Jumamosi kumsomea. Alikuwa anapepeta mahindi, akaweka ungo chini akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo watoto wamekalia gauni langu," alisema.

Nakiri nilitaka aseme iachwe. Kwa siku nzima nilikuwa nimejipangia nitakavyowaeleza walimu wenzangu: ile picha mliyoiona, ndiyo iliyoleta madawati. Ingekuwa njia nzuri ya kuinua kichwa.

"Mwambie asante kwa madawati," mama alisema, akauokota ungo. "Halafu mwambie aitoe."

"Na paa?"

"Tutaliezeka wenyewe. Tumekaa bila paa zuri siku nyingi, na hatukuvuliwa nguo."

Nikaandika hivyo. Picha ikatolewa. Ya studio haikuwekwa mahali pake, na hatukuuliza kwa nini. Paa lilichukua muda mrefu kupatikana, na kuna wazazi waliomlaumu mama, wengine usoni kwake. Alivumilia.

Kabla ya mavuno aliniagiza niwalete wale walimu wawili waje kula nyumbani. Nilijua anachotaka, nikajaribu kukwepa. Alituma ujumbe mara ya pili kwa kondakta wa basi, nikawaleta.

Sijawahi kuwa na mchana mrefu kama ule. Alitukaribisha sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma vilivyofuliwa na kupigwa pasi, akatoa sahani za kabatini ambazo sisi watoto hatukuwahi kulia chakula. Wali, kuku, maziwa mgando. Akawaonyesha picha ya harusi yake. Akafungua mlango wa chumba cha kulala makusudi, ili kitanda cha chuma kionekane. Kwetu mtu hahesabu ng'ombe wake mbele ya wageni, na mama hakuhesabu, lakini kila walipotaka kuaga aliongeza chai, hadi ng'ombe wakarudi kutoka malishoni wakapita mbele ya mlango, vumbi likajaa. Ndipo akanyamaza, akawaacha watazame.

Nilikaa nikiangalia vidole vya miguu yangu. Kwenye picha mama hakujua kwamba anatazamwa. Safari hii alijua, na alikuwa anajieleza kwa watu wa umri wa watoto wake, kitu kimoja baada ya kingine, akitabasamu.

"Mayu, kwako ni kuzuri sana," alisema yule mwalimu wa kike.

"Aa, ni pa kawaida tu," mama alijibu, na nikaona mabega yake yameshuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Barabarani, tukisubiri basi, yule mwalimu alisogea karibu nami. "Samahani kwa siku ile," alisema. "Nilikuwa nasoma tu."

"Najua," nilimwambia. Tukapanda basi.

Sasa sihitaji kafe. Simu ninayo mkononi, napokea matokeo ya wanafunzi, namtumia mama pesa, naona wajukuu zangu walioko Dodoma. Mama ni mzee sana na yeye anayo simu, anapenda kutumiwa picha. Ni kwenye simu hiihii, nikitafuta kitu cha kufundishia kuhusu kilimo, nilipokutana naye. Bega lilelile, tope lilelile, kuku yuleyule pembeni. Ukurasa ulikuwa wa watu nisiowajua, na chini ya picha waliandika jina la nchi nyingine kabisa, nchi ambayo mama hajawahi kuikanyaga, wakasema ni mwanamke aliyekimbia njaa.

Nilitafuta mahali pa kuwaandikia, nikapata kisanduku cha kuchangia tu. Nikafunga ukurasa. Jioni mama alipopiga simu kuulizia hali, nilimwambia ni mhola, salama tu, hakuna jipya.