Festo Kafa kwa Ugonjwa wa Ng'ombe, na Msibani Watu Wamemla Ng'ombe Yuleyule

Ndugu zangu, kichwa changu kinakataa. Chepe nimeshika mwenyewe, kaburi la Festo nimefukia mwenyewe, na bado asubuhi nikifika kwenye malori namtafuta kwa macho.

Festo wa kushusha mizigo hapa Tunduma mpakani. Wengi mnamfahamu. Mwembamba, ila gunia la mahindi analibeba huku anaongea.

Madereva wa Zambia alikuwa anawasalimia kwa Kibemba, "mulishani", halafu anawaomba sigara kwa Kiswahili. Walikuwa wanampa.

Mke wangu alipofariki kipindi cha korona watu waliogopa kuja kwangu. Festo alikuja. Akakaa mlangoni, akamenya viazi. Pole hakusema. Alisema, "Leo unakula. Kesho utalia tena."

Kwao ni Msangano. Kule walikuwa wanamwita kuzalisha ng'ombe. Ndama akikwama wanatafuta mtu mwenye mkono mwembamba, auingize, amgeuze, amvute. Anapigiwa simu tukiwa juu ya lori, anamuaga bosi, anapanda bodaboda. Akirudi analeta maziwa ya kwanza kwenye dumu, tunachemsha, inakula shifti nzima.

Masika haya mvua imezidi, mbu wengi, ng'ombe kule wakaanza kutupa mimba. Bwana mifugo akakusanya watu. Festo alikuwepo, akaja kunisimulia.

Kwamba kuna virusi vinakaa kwa mnyama. Ukishika damu yake, au ndama aliyefia tumboni, vinahamia kwako. Vingine vinaishia kwako. Vingine vinajifunza kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na hapo ndipo dunia nzima inafungwa. Hata korona wanasema asili yake ni wanyama.

Akaangalia foleni ya malori, ya Kongo, ya Lusaka, ya Dar. Akasema, "Kirusi kikishajua hiyo kazi kikafika hapa Tunduma, hakilipi nauli."

Wenzetu walicheka. Mimi nilimkumbuka mke wangu.

Bwana mifugo aligawa glavu ndefu, zile za mpaka begani. Festo alipewa. Ng'ombe wa baba yake mdogo akakwama, akaitwa. Akavaa. Halafu akavua. Aliniambia mwenyewe, ukivaa zile vidole vinakuwa vipofu, hujui umeshika kwato au pua.

Ndama alitoka amekufa. Ng'ombe akapona.

Festo akarudi kazini. Mara kichwa, mara macho, mara mgongo. Akasema malaria, akameza dawa za dukani. Halafu fizi zikatoka damu. Pua ikatoka damu. Nilimpeleka hospitali kwa bajaji nimemshikilia kama mtoto.

Daktari akamuuliza kama ameshika mifugo. Akasema ndiyo. Hakubisha. Vipimo vikasema Homa ya Bonde la Ufa. Ya ng'ombe. Majibu yalipotoka alikuwa hatambui mtu. Akafa.

Sasa linaloniua mimi ni hili.

Msibani baba yake mdogo akamleta ng'ombe yuleyule achinjwe, watu wale. Eti Festo alimwokoa, basi huyo ndiye ng'ombe wa msiba wake.

Nikasimama. Nikawaambia alichosema daktari. Nikaomba wasubiri, waitwe watu wa mifugo wampime kwanza.

Mzee akanijibu mbele ya watu wote. "Mwanangu, wewe beba magunia. Ng'ombe huyu anakula majani, anakunywa maji. Mgonjwa gani huyo?"

Watu wakacheka. Msibani. Mmoja akadakia kwamba Tunduma siku hizi hata makuli wanaandika dawa.

Wakachinja. Mikono mitupu. Damu mpaka kwenye viwiko.

Shemeji, mke wa Festo, aliwaita watoto wake ndani akawapikia maharage. Mawifi wakasema anaringa mpaka kwenye msiba wa mumewe.

Leo nimepigiwa simu. Aliyechinja amelala. Macho mekundu, mgongo unamuuma. Wanasema malaria. Nimewaambia mpelekeni hospitali sasa hivi, mwambieni daktari kachinja ng'ombe gani. Wamesema nimeanza tena. Simu wamekata.

Nyie wa Msangano, wa Ikinga, wa Mbebe, wa popote. Ng'ombe akitupa mimba usimshike mikono mitupu. Usimchinje. Mwite bwana mifugo. Najua wengi mtaweka emoji ya kulia na kupita. Mimi nimeandika tu, sina kingine cha kufanya.

Sijasoma. Ila nimezika mke, nimezika rafiki, na naona wa tatu anakuja.

Festo, ndugu yangu. Niliwaambia. Hawakunisikia, na hata wewe wasingekusikia.

Lala, ndugu yangu. Usituangalie.