Sadaka ya Mbwa Watatu

Kwaru, kwaru, kwaru. Mpaka leo naisikia ile sauti ya kucha ndogo zikikwaruza katoni chini ya benchi, katikati ya maombi ya kimya. Mama aliyekaa mbele yangu aliinua miguu yote miwili bila kufumbua macho.

Walikuwa watoto watatu wa mbwa. Mama yao alijileta mwenyewe kwenye ploti ninayopanga hapa Voi, na huo ulikuwa uzao wake wa pili. Mwenye ploti, ambaye pia ni muumini wa kanisa letu, alikuwa amechoka.

"Wewe msichana, jioni ya Jumapili nikiwakuta hapa, nawatupa kule kwenye mkonge. Mimi nimeagiza Jemani shepadi Mombasa, kwa mtu anayezalisha mbwa wa maana. Mbwa huyo ana karatasi mpaka za babu yake!"

Mimi babu yangu simjui hata kwa picha.

Wiki nzima nilikuwa nawagawa bure. "Bure? Kwani wana nini?" watu waliniuliza, wakirudi nyuma. Ndipo nikakumbuka mnada. Kwetu, asiye na pesa huleta sadaka ya mayai, papai ama jogoo, na baada ya ibada vinauzwa hapo nje. Nimeona watu wazima wakipigania boga kama wanapigania shamba. Usiku huo niliota wanangu wanaishi kwenye nyumba za mabati mekundu, wamepewa majina ya ubatizo.

Jumapili, ibada ilipoisha, mzee wa kanisa anayeendesha mnada alifungua katoni.

"Binti yangu, hii ni nini?"

"Ni sadaka, baba."

"Hii ni mbwa."

"Ni sadaka ya mbwa."

Alimtazama pasta. Pasta akatazama milima. Mwishowe wakaamua mbwa wauzwe nje ya geti, maana nje ya geti si kanisani. Tukahama sote, na viti.

Wa kwanza alinunuliwa na mama wa kwaya. Vigelegele! "Namzawadia pasta!" akasema, kama tunavyofanya na kuku. Wa pili akanunuliwa na mwalimu. "Na mimi nampa pasta!" Pasta alitabasamu kwa midomo tu. "Nami," akasema, "nawarudisha kwa dada yetu aliyewaleta, abarikiwe." Makofi. Wawili wakarudi kwenye katoni yangu, na jua lilikuwa linakwenda zake.

Wa tatu alitakwa na mwenyekiti wa kina mama. Hapo mwenye ploti akasimama, maana hao wawili hawaachiani hata kiti. Bei ikapanda mpaka mwenyekiti akakaa.

"Mama, na Jemani je?" mtu akamchokoza.

"Huyu ana masikio ya Jemani," akajibu. Masikio yalikuwa yamelala kama majani ya mchicha yaliyochemshwa.

Nikajipa moyo, nikauliza mbele ya wote: "Mama, na ndugu zake bado wanatupwa leo jioni?"

"Aaaii!" kanisa zima likaguna.

"Nani kasema watatupwa?" akang'aka. "Watakaa! Lakini huyo mama yao asinizalie tena!"

Jumatatu asubuhi nilimfunga mama yao leso shingoni, nikampeleka peke yangu kwa daktari wa mifugo akafungwe kizazi. Madume manne ya mtaa yalitusindikiza njia nzima. Tulipoingia, nikageuka, nikayafungia mlango.