Kurasa Thelathini na Moja

Hali ya Hatari ilikuwa inaelekea ukingoni, ingawa hakuna aliyekuwa ametuambia hivyo, nilipoamua kuwapeleka wanafunzi wangu wa darasa la saba mtoni kwa wiki nzima. Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya kati huko Ruiru. Kwetu ni Taita. Kikuyu changu kiliishia kwenye salamu, na nikijaribu kuvuka hapo watoto walicheka mpaka wakashikilia madawati. Nilikaa peke yangu katika chumba nyuma ya shule. Jioni nilipika ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja, waliowahi kuupika wanajua, haukubali kuiva sawasawa.

Safari ile niliipanga kama arusi. Jumatatu tungefuata Mto Ruiru kwa miguu, tukipima mwendo wa maji kwa gunzi la mahindi na saa yangu ya mkono. Jumanne tungefika Thika na kulala katika darasa la shule ya huko, juu ya magunia yaliyojazwa nyasi. Ruhusa nilikuwa nimekwisha kuipata. Jumatano na Alhamisi, maporomoko ya Chania: mawe, kuvu, konokono, na majani ya kukausha kati ya mbao mbili nilizozipiga randa mwenyewe. Ijumaa tungeelekea mashariki, Gatuanyaga, ili watoto waone kwa macho yao jinsi nchi inavyokauka ndani ya mwendo wa asubuhi moja. Jumamosi turudi Thika, na Jumapili, baada ya ibada, tupande gari la moshi la kurudi nyumbani, maana miguu nayo ina haki zake. Kila mtoto aje na blanketi, kikombe, mahindi na maharagwe. Githeri ingepikwa katika sufuria moja kubwa, nami ningekula humohumo.

Hapo kwenye sufuria ndipo palipokuwa na siri yangu. Mwalimu mkuu nilimweleza habari za mtihani na elimu ya viumbe, naye akakubali. Ukweli ni kwamba nilikuwa mpweke, na nilitaka siku saba za kula na watu. Niliitaka safari ile kuliko watoto walivyoitaka.

Siku zile hukuweza kwenda popote bila pasi, kile kibali cha serikali cha kusafiri. Bwana Shauri, ofisa wa wilaya aliyezitoa pasi, alitaka orodha: jina la mtoto, jina la baba, kijiji, baba anafanya kazi gani na yuko wapi. Mtu mwenye akili angewauliza watoto darasani, yakaisha. Mimi, bingwa wa kufanya mambo vizuri, nikanunua daftari jipya, ukurasa mmoja kwa kila mtoto, na kila siku baada ya masomo nikawa nazunguka kijijini nyumba kwa nyumba ili niwajue wazazi. Kijiji kilikuwa kimezungushiwa handaki, nyumba zimepangwa kwa mistari. Nilipewa kiti, nikapewa uji. Nilipouliza baba yuko wapi, mama aliitazama kalamu kwanza, ndipo akajibu, "Ameenda safari." Nyumba ya pili, safari. Nyumba ya nne, safari. Nilijua, bila shaka, kwamba ni safari ya kizuizini. Sikuwa mjinga kiasi hicho. Ujinga wangu ulikuwa kwamba niliandika.

Jumatatu iliyofuata, kati ya wanafunzi thelathini na mmoja, walikuja darasani tisa tu.

Mwalimu mkuu, mzee wa palepale Ruiru, akaniita nje.

"Mwalimu, wewe umetembea kwa watu na kitabu, ukiandika majina."

"Ni ya safari, bwana."

"Mimi najua. Lakini hapa mtu akiandika majina, lori ya askari inakuja kubeba watu. Huyo wa kuonyesha askari watu wa kushikwa alikuwa anafunika uso na gunia. Wewe hukufunika. Hiyo ndiyo wanashangaa."

Nilimuuliza nifanye nini. Akasema hajui, kwa sababu bila majina pasi haitoki.

Kwa siku mbili niliwakasirikia watu wote, Bwana Shauri, wale mama, na mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza. Kila kitu kilikuwa tayari. Orodha ilibaki kunakiliwa tu na kupelekwa, na nilijiambia kwamba pasi ikitoka, wataona wenyewe kwamba sikuwa na nia mbaya. Kisha nikawafikiria wale mama wakisikia kwamba daftari limefika ofisini. Nikaweka kalamu chini.

Siku ya tatu nilizichana kurasa zote na kuanza kuzirudisha, mlango baada ya mlango. Tangu mlango wa kwanza nilijua kwamba ninaiua safari kwa mikono yangu. Mama mmoja aliutia ukurasa wake motoni nikiwa nimesimama palepale. Mwingine aliupokea kwa mikono miwili. Watoto walirudi darasani mmoja mmoja, lakini mtoni hatukwenda, mwaka ule wala mwaka uliofuata.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama wa msichana mmoja mpole aliyependa sana kupima vitu. Mama hakujua kusoma.

"Jina ya bwana yangu ni gani hapa?" akauliza.

Nilimwonyesha. Akaliwekea kidole, akakiacha hapo kwa muda.

"Hii jina imeandikwa mara mingi," akasema. "Hakuna karatasi ilirudi."

Akaukunja ukurasa, akautia kifuani. Niliaga. Nilikuwa nimekwisha kugeuka aliponiita.

"Na wewe, mwalimu? Wewe unaitwa nani?"

Miaka miwili nilikuwa nimeishi Ruiru nikiitwa mwalimu tu. Nilimtajia jina langu, kisha la baba yangu, kisha kijiji chetu, kwa mpangilio uleule niliokuwa nimewauliza wao. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mitupu, bila kalamu.

"Na baba yako ako wapi?"

Nikamwambia kwamba alikufa mwaka uliopita, na kwamba barua ilinifikia akiwa amekwisha kuzikwa. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.