Usinunue Kasha kwa Sababu ya Taa

Ipo siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu: siku niliyorudi Kibaha kutoka Kariakoo nimekumbatia kasha la kompyuta lenye taa tatu za buluu kwa mbele. Nilijiona nimeyapatia maisha.

Nakuandikia kwa sababu umeniletea orodha ya vipuri unavyotaka kununua, nami nimeisoma mara mbili. Ni orodha yangu ya zamani, majina tu ndiyo yamebadilika. Wengi wameshaniletea orodha kama hiyo na nimechoka kueleza kwa mdomo. Atakayeuliza tena, mpe asome hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane na kazi yangu ilikuwa kupiga video za harusi. Familia za Kisarawe ziliniita kwa sababu moja: mimi ni mwanamke. Kule ndani, wanawake wanapokaa na bibi harusi, mwanamume mwenye kamera hapiti mlangoni. Mafundisho ya ndoa yenyewe sikuyapiga, hayo si ya kamera. Nilipiga yale maneno ya kuagana, bibi na shangazi na mama wanapomshika binti mkono, mmoja mmoja.

Wakati ule tulirekodi kwenye kanda ndogo. Unaihamishia video kwenye kompyuta, unakata na kuunga, kisha unawapa wenyewe. Nikishahamisha, kanda ileile niliirekodia harusi nyingine. Ndivyo tulivyofanya wengi.

Basi nikanunua kompyuta ya vipande vipande. Nilichagua prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye kasi kuliko zote nilizoonyeshwa, na kioo kikubwa. Mazabodi, ile sahani ambayo vipuri vyote huchomekwa juu yake, nikachukua ya bei ya chini kabisa. Ilikuwa na nafasi moja tu ya memori. Pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila kipuri, sikuinunua kabisa. Ilikuja bure ndani ya lile kasha la taa.

Nikaipeleka kwa mjomba wangu Shomari, fundi redio pale Kisarawe, anisaidie kufunga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hii kompyuta au ukumbi wa dansi?"

Nikacheka. Akashika bisibisi, akaichomoa pawa saplai na kuipima kiganjani, kama mtu anayepima papai sokoni.

"Nyepesi mno hii. Shaba wameibania. Siku ukiongeza kitu humu itakufa, na haitakufa peke yake."

"Mjomba, hizi si redio za mbao."

"Umeme unaoingia ni uleule, bibi wee." Akainama kuitazama mazabodi. "Nyie watu wa Kibaha mkijenga mnaacha nondo zimechomoza juu ya nguzo, ili siku mkipata mwendelee na chumba kingine. Sasa humu nondo ziko wapi?"

"Nitaongeza baadaye."

"Utaongezea wapi?"

Nikajifanya nina haraka. Njiani nilimcheka moyoni, mzee wa redio.

Miezi ikapita. Nikapiga harusi ya Zuhura, binti aliyelelewa na bibi yake, Bi Mwanaidi. Zamu ya bibi ilipofika alimshika mjukuu mikono yote miwili, akaongea kwa muda mrefu, na mwisho akamwambia, "Na mumeo akinuna, mwache anune, wewe pika. Atakula huku amenuna." Akaangua kicheko mwenyewe kabla ya wengine wote. Chumba kizima kikapiga vigelegele. Kamera yangu ndiyo ilikuwa pekee mle ndani.

Wiki mbili baadaye Bi Mwanaidi akafariki. Zuhura akaniletea ujumbe: anaomba ile video iwe tayari kabla ya arobaini, ndugu waje wamsikie bibi.

Kompyuta yangu ilikuwa inajikokota. Memori ya kuongeza haikuwa na pa kukaa. Ili niwahi, nikanunua diski ya pili na kadi ya picha ya mtumba, nikazichomeka mwenyewe. Siku ya kwanza zilifanya kazi vizuri. Siku ya pili, saa tano asubuhi, nikiwa ndiyo naanza kuunga maneno ya Bi Mwanaidi, kitu kikalia ndani ya kasha, paa, kama punje ya bisi. Harufu ya plastiki ikajaa chumbani, zile taa za buluu zikazimika.

Kesho yake nilipeleka kila kitu kwa mjomba. Alishinda nacho tangu asubuhi hadi alasiri. Pawa saplai imekufa, na imeunguza mazabodi na diski zote mbili.

"Kanda yenyewe?" akaniuliza.

"Nimeshairekodia harusi ya Mlandizi."

Nilisubiri anikumbushe yale aliyosema siku ile alipoipima pawa saplai. Hakunikumbusha. Alifuta mikono kwenye kitambaa, akasema, "Nenda ukamwambie mwenyewe. Usitume mtu."

Nilimkuta Zuhura uani anaosha sufuria za kuazima kwa ajili ya arobaini. Nikamwambia wima wima, maana ningekaa nisingesema. Akaiweka chini sufuria aliyoishika.

"Dada, maneno ya bibi uliyasikia vizuri?"

"Yote."

"Basi kaa uniambie. Mimi nilikuwa nimefunikwa, nalia, sikusikia kitu."

Nikakaa juu ya kinu kilicholala, nikamweleza neno kwa neno, kadiri nilivyoweza. Nilipofika kwenye kununa, akatabasamu kidogo.

"Asante," akasema. "Ila hapo alicheka. Hicho kicheko ndicho nilichokuwa nakitaka."

Akarudi kwenye sufuria zake.

Mwanangu, mfuko wako ni mdogo na hilo si kosa. Kosa ni kununua kompyuta ya leo tu. Anza na pawa saplai: iwe ya mtengenezaji anayejulikana, na uwezo wake uzidi mahitaji yako ya sasa, maana utaongeza vitu. Kisha mazabodi yenye nafasi za wazi za memori na diski, na inayokubali prosesa kubwa kuliko utakayoanza nayo. Ukishapata hivyo viwili, vingine viwe vidogo tu. Prosesa ya chini inatosha kuanzia, memori kipande kimoja, kadi ya picha ingoje mwakani. Vyote hivyo vinabadilishika. Kasha liwe pana na lipitishe hewa. Taa hazina kazi. Na kazi ya mtu isikae sehemu moja. Weka nakala nje ya mashine kabla hujafuta chochote.

Kwenye orodha yako, mbele ya pawa saplai, umeandika "yoyote". Lifute neno hilo leo, kabla hujapanda gari kwenda mjini.

Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako, akupunguzie haraka, na kila ulichokabidhiwa na watu akuwezeshe kukirudisha kizima. Amina.