Hori la Chumvi la Baba

Ilianza Jumanne, tarehe 24 Desemba 1957, saa tisa na dakika kumi alasiri. Najua kwa sababu nilikuwa nimepanda juu ya benchi nafunga matawi chini ya saa ya ukutani ya kanisa letu, hapa karibu na Mafinga. Nilikuwa na siku nne tu tangu nirudi likizo kutoka shuleni. Wanawake waliokuwa wanaosha sakafu waliniita msomi, na mimi niliinamia matawi yangu, kama kawaida yangu.

Baba akafika mlangoni na mzigo wa majani kichwani. Aliombwa ayalete yawekwe ndani ya hori la mtoto Yesu. Baba anachunga ng'ombe, na si wake. Ni wa mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Iringa mjini, mtu mwema, aliyemkabidhi awatunze. Kwa hiyo kila Krismasi baba hutoka machungani ibada imeshaanza, ana matope mpaka magotini, naye husimama nje dirishani. Mimi hukaa na mama upande wa wanawake, naona kofia ya baba tu. Jambo hilo limeniuma tangu utoto, na sijawahi kumwambia mtu. Nilitaka mwaka huu aingie.

Mbele ya kanisa lilikuwapo hori jipya. Alilitengeneza mzee wa kanisa, fundi seremala anayeheshimika huku kwetu, naye alikuwa amesimama kando yake. Lilikuwa na miguu minne iliyochongwa, vizuizi pembeni, na vanishi iliyong'aa. Baba aliliangalia, akaangua kicheko, akamsalimia fundi kwa Kihehe.

"Fundi, kamwene! Huyu ng'ombe wako anakula kitandani?"

Wanawake wakacheka na matambara mkononi. Mmoja akasema, "Bado shuka tu!"

Fundi hakucheka. "Weka majani hapo mlangoni, mzee. Usiingie na matope hayo, wenzako wanasugua sakafu tangu asubuhi."

Baba akayashusha majani taratibu, akasema, "Haya, samahani," akaondoka. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

Nikashuka kwenye benchi. Sijui nilipata wapi mdomo. Niliongea nikimtazama fundi kifuani, maana macho yake sikuyaweza.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Ulishanisalimia."

"Baba amesema kweli. Ng'ombe hawezi kuingiza kichwa humo. Nyumbani tuna hori la kweli, la kuwawekea chumvi. Mtoto Yesu alilazwa mahali ng'ombe wanapolamba. Na walioitwa kwanza kuja kumwona, mzee, walitoka machungani usiku uleule. Hakuna aliyewaambia wakanawe miguu kwanza."

Mwanamke mmoja aliacha kukamua tambara. Nilifikiri nitapigwa kofi, au nitapelekwa kwa mchungaji kushtakiwa. Fundi alijikuna kidevu.

"Unafundishwa hayo huko darasa la tisa?"

"Hapana, mzee. Nimeyaona dirishani."

Hakuniuliza maana yake. Akachukua kofia yake, akasema, "Twende nikalione hilo hori."

Njia nzima nilitembea nyuma yake nikijuta. Tulimkuta baba anawaingiza ng'ombe zizini. Hori letu ni gogo moja tu, limechongwa katikati kwa shoka, refu kama mtoto wa miaka kumi. Kwa nje ni baya, lina nyufa. Fundi alipiga magoti pale kwenye samadi na suruali yake safi, akapitisha kiganja ndani. Akakirudisha. Akapitisha tena, polepole, kama mtu anayempapasa mgonjwa.

"Mzee mwenzangu," akasema, "umepiga randa gani hii? Msasa wangu haujawahi kulainisha mti namna hii."

"Ulimi," baba akajibu.

"Nini?"

"Ulimi wa ng'ombe. Miaka kumi na miwili wanalamba humo."

Fundi akacheka mwenyewe sasa, mpaka akashika ukingo wa hori asianguke. Alipoinuka alimpa baba mkono. "Kile kitanda changu nitampa mjukuu. Kesho lete hili."

"Nitalifikisha mlangoni."

"Mlangoni nani alipokee? Uliingize mwenyewe, uliweke mbele, ukae hapohapo benchi la kwanza na mimi."

Baba akatazama zizi. Nilijua atasema nini. "Na hawa? Ng'ombe hawana Krismasi."

"Nitawachunga mimi," nikasema.

"Wewe? Na vitabu vyote hivyo?"

"Vitabu havijanikata miguu, baba."

Mama alisikia akiwa jikoni, akapiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akaanza kutafuta koti la baba lilipo. Sitaandika uongo: nilitaka sana kuimba katika ibada ile, nilikuwa nimeingoja muhula mzima, na nilipolala niliona uchungu kidogo. Lakini fahari ilikuwa kubwa kuliko uchungu. Mtu wa kwanza kusogea karibu na mtoto Yesu katika kanisa letu angekuwa baba yangu, na harufu yake ya maziwa na moshi.

Asubuhi ya Krismasi, saa kumi na mbili na nusu, nilivua viatu vya shule nikashika fimbo. Baba alitangulia na hori kichwani, amevaa koti lililopigwa pasi, na hakuna aliyemtania njiani. Kwenye njia panda yeye alikwenda kulia na mimi kushoto. Wanawake wawili waliovaa kanga mpya wakanisimamisha.

"We msomi! Krismasi yote hii unachunga?"

"Nachunga, shangazi. Baba yuko kanisani. Yuko ndani, benchi la kwanza."

Nilisema kwa sauti, mpaka ng'ombe mmoja akageuka. Niliwashusha bondeni, na kengele ilipoanza kulia wakanizunguka wakitaka chumvi. Nikachagua jiwe bapa, nikalifuta kwa kanga yangu, nikawamwagia hapo chumvi niliyokuja nayo.