Nusu Inchi ya Python 3

Leo nimempiga ngumi mzee ninayemwamkiaga shikamoo kila asubuhi.

Nisikilizeni kwanza, ndipo mnitukane.

Karakana yetu ya milango hapa Mikocheni ina mashine ya kuchonga mbao inayoendeshwa na kompyuta. Programu yake ilikuwa imeandikwa kwa Python 2, toleo la zamani la lugha ya kompyuta. Jana nikaihamishia Python 3, nikawajigambia wote: "Ni toleo jipya tu, hamna kitakachobadilika."

Asubuhi nimeshika ubao karibu na kisu kama siku zote. Sie tunajua kinapoishia.

Ghafla teke la mbavu! Fundi Chilumba, yule mzee, kanitupa sakafuni.

Nikainuka na hasira zangu zote. Ngumi moja ya mdomo, damu ikamchuruzika mpaka kwenye shati.

Hakurudisha. Akanionyesha meza tu.

Pale pale kilipokuwa kidole changu, kisu kimechimba mtaro.

Jamani, kumbe Python 2 ukiiambia igawe saba kwa mbili inakupa tatu, ile nusu inaitupa. Python 3 inakupa tatu na nusu. Na programu yetu inagawa inchi hivyo hivyo kujua kisu kisimame wapi. Yaani miaka yote kisu kilikuwa kinasimama nusu inchi kabla ya mwisho wake, na vidole vyetu vikalizoea kosa hilo.

Mzee hajui hata kuwasha kompyuta. Kaona tu kisu hakisimami.

Nyie mngefanyaje? Mie nimepiga magoti: "Shikamoo, mzee wangu."

Marahaba imemshinda kutamka. Mdomo umevimba.